Sanduku la Karata Mia Tano

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuuona ukurasa huu, ambao umezoea kupima vitabu na tungo, leo ukikaa kuupima mchezo wa karata. Sababu ni swali nililoletewa na dada yangu. Mwanawe anayesoma Uingereza alikuja likizo na sanduku lenye karata mia tano, na tangu siku ile sebule yake haina nafasi. Baada ya Isha watu wanaizunguka meza, wanahisabu, wanabishana, mara mmoja anapiga ukelele kuwa amedhulumiwa. Dada akaniuliza: je, hii ni kamari? Ni upuuzi tu? Au mna jambo la akili ndani yake ambalo yeye halioni?

Sikupenda kujibu kwa kusikia. Nimeketi nao, nimecheza nao, nimeshindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda (na aliyenishinda zaidi ana miaka kumi na miwili), na kijitabu cha kanuni nimekisoma tangu mwanzo hata mwisho. Haya ndiyo niliyoyaona.

Mchezo wenyewe waitwa Dominion. Aliyeutunga ni Mmarekani, Donald X. Vaccarino, na ulichapishwa mwaka 2008 na Rio Grande Games. Mwaka uliofuata ulipewa huko Ujerumani tuzo ya Spiel des Jahres, ambayo katika michezo ya nyumbani ndiyo yenye sifa kubwa. Baada yake ikatoka michezo mingi iliyoufuata mtindo wake, hata ikawa ni jamii mbali ya michezo: ile ambayo mchezaji hapewi fungu la karata lililo tayari, bali hulijenga mwenyewe huku anacheza.

Ama kuhusu kamari, jibu ni jepesi. Hapana senti inayowekwa. Mali iliyomo ni karata zilizochorwa sarafu, na mchezo ukisha hurudi sandukuni. Wako wanavyuoni wasiopenda karata za namna yoyote, na wako wanaoziruhusu maadamu hapana dau wala mtu hapitwi na Sala. Mwenye kulitaka hilo amuulize sheikh wake, si mimi. Lakini liko jambo jingine lililo jirani na kamari ambalo wazazi hawaliulizi, nalo ndilo ningependa waliulize. Mwaka 1993 ulitoka Marekani mchezo wa Magic: The Gathering, uliotungwa na Richard Garfield. Huo nao kila mchezaji ana fungu lake, lakini hulitayarisha kabla ya kucheza, na karata zake huuzwa katika pakiti zilizofungwa ambazo mnunuzi hajui ndani mna nini. Akibahatika hupata karata ya nadra. Asipobahatika hununua pakiti nyingine. Mtoto mwenye baba tajiri aweza kuja na fungu la nguvu, na wa jirani akaja na makombo. Sisemi kuwa mchezo ule hauna akili, unayo nyingi. Nasema kuwa mtoto anayefungua pakiti kwa kutumaini bahati ameshajifunza jambo kabla karata ya kwanza haijachezwa.

Sanduku la Vaccarino limeliziba tundu hilo. Kila anayelinunua hupata karata zilezile, na wote wanaoketi mezani huanza sawasawa, wakanunua kutoka katika mafungu yaleyale yaliyopangwa katikati. Kweli, wauzaji hawakosi mlango wa nyuma: masanduku ya nyongeza yalianza kutoka mwaka 2009 na sasa yamepita kumi. Lakini lile la kwanza peke yake lamtosha mtu kwa miaka. Lina aina 25 za karata za ufalme, na katika kila mchezo hutumika aina 10 tu. Mwenye kupenda hisabu atakuta kuwa kumi katika ishirini na tano huchaguliwa kwa njia 3,268,760.

Sasa nikueleze unavyochezwa, kwani bila ya hilo hutaiona hoja yangu ilipo. Majina ya karata nayatia Kiswahili mwenyewe. Kila mtu huanza na karata kumi: Shaba 7, kila moja ni sarafu 1, na Viunga 3, kila kimoja ni pointi 1 ya ushindi wala hakinunui kitu. Huzichanga, akachukua tano. Zamu yake ikifika huruhusiwa kitendo kimoja, kama anayo karata ya kitendo, kisha kununua mara moja. Alichonunua hakiingii mkononi. Hukiweka katika karata zake zilizotupwa, pamoja na zote alizozitumia na zote zilizombakia mkononi, akachukua tano mpya. Fungu likimwishia naye angali ataka kuchukua, hapo ndipo huzichanga zile zilizotupwa zikawa fungu upya. Kwa hivyo sarafu haipotei kwa kutumiwa, wala haiwekwi akiba: ya zamu hii ni ya zamu hii.

Fedha ni sarafu 2, na bei yake 3. Dhahabu ni sarafu 3, na bei yake 6. Upande wa ushindi, Kiunga ni pointi 1 kwa bei ya 2, Wilaya pointi 3 kwa bei ya 5, na Jimbo pointi 6 kwa bei ya 8. Mchezo huisha Majimbo yakimalizika (wakicheza wawili huwa 8, wakiwa watatu au wanne huwa 12), au mafungu matatu yoyote ya mezani yakimalizika. Hapo huhisabiwa pointi, na mwenye nyingi ndiye mshindi.

Angalia basi lilipofichwa fundo. Jimbo ndilo linalokupa ushindi, lakini likikujia mkononi katikati ya mchezo ni karatasi tupu. Halinunui, halitendi, limekaa tu mahali ambapo pangekaa Dhahabu. Tufanye hisabu. Ili ununue Jimbo kwa karata tano, kila karata yapasa ikupe wastani wa sarafu 1.6. Ulipoanza una sarafu 7 katika karata 10, yaani 0.7. Fedha ni 2, imepita 1.6, basi kila Fedha unayoitia yakupandisha. Shaba ni 1, haifiki, basi baada ya muda kila Shaba yakushusha, na hii ndiyo karata pekee ya mali ambayo bei yake ni sufuri. Watoto huichukua kwa kuwa ni ya bure. Mimi nami niliichukua siku ya kwanza, nikajiona mjanja. Sasa mchukulie mtu aliyekwisha kulijenga fungu lake vizuri, ana karata 20 zenye sarafu 32. Wastani wake ni 1.6 barabara. Akinunua Majimbo manne tu, zile sarafu 32 zimeenea katika karata 24, na karata tano zampa kama 6.7. Ushindi wake wenyewe ndio uliomfanya maskini.

Kwa sababu hii swali la kwanza la mchezo huu si "ninunue nini" bali ni "nianze lini kununua ushindi". Ukianza mapema fungu lako hukwama. Ukichelewa, mwenzio atayamaliza Majimbo nawe umejaa Dhahabu isiyo na pointi hata moja. Wilaya, kwa mfano, haifai mwanzoni. Wachezaji wengi wazoefu hawaigusi mpaka Majimbo yabakie manne au matano.

Hapa yataka nitaje kosa ninaloliona kwa vijana. Karata za vitendo zinapendeza. Mhunzi, wa bei ya 4, hukupa karata tatu zaidi. Kijiji, cha bei ya 3, hukupa karata moja na ruhusa ya vitendo viwili zaidi. Kijiji na Mhunzi, kisha Kijiji na Mhunzi tena, na zamu ya mtu mmoja huwa ndefu kama khutba, wenziwe wamekaa wanamtazama. Usiku mmoja mpwa wangu mdogo alikuwa na Vijiji saba. Alizipanga karata zake mezani mpaka zikafika ukingoni, kisha akahisabu sarafu alizopata: mbili. Alijenga njia nyingi, lakini mali hakununua. Dada yangu, ambaye alikuwa hajazisoma hata karata za vitendo kwa kuwa maandishi ni madogo, alinunua Fedha akipata 3, Dhahabu akipata 6, Jimbo akipata 8, basi. Akashinda. Jinsi hiyo ya kucheza ina jina kwa wachezaji wa nje, huiita fedha kubwa, na mtu asiyeweza kuishinda hana haja ya kujisifu kwa Vijiji vyake. Ukiongeza Mhunzi mmoja, au wawili, katika fungu kama lile la dada, unalipa nguvu zaidi. Wa tatu na wa nne hugongana mkononi, kwani kitendo ni kimoja kwa zamu.

Lau mchezo ungeishia hapo nisingeuandikia ukurasa mzima. Ungekuwa ni wa kununua ghali kwa kufuatana. Lakini iko karata moja, ya bei ya 2 tu, ambayo jina lake ni Kanisa dogo. (Majina yake yote ni ya Ulaya ya zamani, na hili tutalirudia.) Karata hii haikupi sarafu wala pointi. Yakuruhusu kuchukua karata zako za mkononi, mpaka nne, ukazitia jaani. Na kilichotiwa jaani hakirudi tena mchezoni. Mtu mgeni huicheka. Nani atatoa alichonacho? Na Viunga ni pointi! Lakini mtu aliyevitoa Viunga vyake vitatu na Shaba zake zote saba, akabaki na Fedha 3 na Dhahabu 2 pamoja na hilo Kanisa, ana fungu la karata sita lenye sarafu 12. Hata Dhahabu moja ikikosekana mkononi, anazo 9, na Jimbo ni 8. Mwenziwe mwenye karata ishirini angali akiomba zikutane vizuri.

Nimeziona nyuso za watu siku wanapolifahamu hili. Inawawia vigumu. Dada alikataa kutoa Viunga vyake kwa michezo sita mizima, akisema hivyo ndivyo alivyoanza navyo maisha. Mimi naona hapa ndipo mchezo huu unapopita michezo mingi ya mali niliyoiona, ambayo hisabu yake ni kulimbikiza tu: aliyepata azidi kupata, na aliyenyang'anywa atoke. Tena mtungaji hakuigeuza kanuni kuwa dini, kwani ametia pia karata ya Bustani, inayokupa pointi 1 kwa kila karata 10 ulizonazo. Mwenye Bustani nyingi huzoa hata Shaba za bure, akajaribu kuyamaliza mafungu matatu kabla wenye Majimbo hawajajijenga. Kila siku yafaa uzitazame zile aina kumi zilizopangwa ndipo uamue.

Nije kwenye kelele zile za kudhulumiwa. Mabishano mengi huja kwa kuwa watu hucheza wanavyodhani badala ya kusoma. Kanuni kubwa ya mchezo huu ni kuwa karata hufanya lililoandikwa juu yake, kwa mpango ulioandikwa, si zaidi wala si pungufu. Karata ya Kiti cha Enzi hukufanya uchague kitendo kimoja mkononi ukicheze mara mbili. Watu huuliza: je, nimetumia vitendo vitatu? La, kimoja. Na Kiti cha Enzi juu ya Kiti cha Enzi? Wengi wanafikiri utamcheza Mhunzi mara nne. Sivyo. Kile cha pili chachezwa mara mbili, na kila mara chachagua karata yake. Basi utamcheza Mhunzi mara mbili, kisha Soko mara mbili, ukiwa nazo zote. Handaki, ambalo hukukinga na shambulio, halitupwi ukilionyesha. Hurudi mkononi, na shambulio jingine likija utalionyesha tena.

Lakini shauri gumu lilikuwa la Mkopeshaji. Huyu, wa bei ya 4, huitia jaani Shaba moja ya mkononi mwako, na kwa kuitoa hukupa sarafu 3. Mpwa wangu mkubwa, katika zamu ya mwisho, alikuwa na karata 40 na Bustani tatu. Akacheza Kiti cha Enzi juu ya Mkopeshaji. Akaitoa Shaba moja, akapata sarafu tatu zilizomtosha kununua, na kwa kununua karata moja angerudi kwenye 40. Mara ya pili hakutaka kuitoa nyingine, kwani angebakia na 39, na kila Bustani ingepungua pointi. Mdogo wake akamshika: "Umeandikiwa utoe, na Shaba unayo mkononi. Toa!" Mkubwa akaapa kuwa ni hiari. Wakaniita, "Mjomba, hukumu!"

Nikaisoma karata. Haikusema "ukipenda". Nikahukumu kuwa atoe, akatoa, Bustani zake tatu zikapoteza pointi tatu, akashindwa kwa mbili. Alikasirika siku nzima. Nami moyo haukutulia, kwani kijana huyu si mwongo. Mwishowe jambo likafunguka: mwaka 2016 mchezo ulichapishwa upya, na katika chapa hiyo Mkopeshaji amekuwa wa hiari, na Kiti cha Enzi pia. Yeye alijifunza kwa wenziwe Uingereza kwa chapa mpya, kisha akanunua sanduku la zamani kwa kuwa lilikuwa rahisi. Wote wawili walisema kweli. Hukumu yangu sikuirudisha, kwani karata iliyo mezani ndiyo inayofuatwa; lakini tangu siku ile, kabla ya kuchanga, aina zote kumi husomwa kwa sauti, hata dada anazijua sasa.

Iko hisabu nyingine ya mwisho wa mchezo ambayo nataka nikuachie, kwa kuwa mimi iliniuma. Tulibaki wawili mezani, mimi na yule wa miaka kumi na miwili, na Majimbo yamebaki mawili. Yeye ananizidi pointi mbili. Nina sarafu 8. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye Jimbo: pointi sita, sasa namzidi nne! Naye akachukua la mwisho, akapata sita zake, mchezo ukaisha pale pale, amenishinda kwa mbili. Mchezo hauingoji zamu ya mtu. Lau ningenunua Wilaya ningemzidi pointi moja, na tatizo lingekuwa lake: akichukua Jimbo ananizidi tano, nami nikipata sarafu 8 ningechukua la mwisho nikashinda kwa moja, asipochukua, yuko nyuma. Yeye aliijua hisabu hii. Aliniangalia nilipokuwa nanyosha mkono, akanyamaza, kwa adabu au kwa ujanja, hata leo sijui.

Dosari zake sitazificha. Ya kwanza, hadithi yake ni nyepesi mno. Kijitabu chasema kuwa wewe ni mfalme mwenye ufalme mdogo unaotaka kuupanua, lakini Kijiji hakina wanakijiji, Soko halina mchuuzi, na baada ya michezo mitatu hakuna anayeziangalia picha. Watu husema "karata moja, vitendo viwili" wakaendelea. Aliyezoea bao atasema hata kete zina nyumba yake, na hapa nyumba hakuna. Ya pili, na ni kubwa zaidi, wachezaji hawaangaliani vya kutosha. Ikiwa aina kumi zilizopangwa hazina shambulio, kila mtu anacheza na fungu lake, na wanne mezani ni kama wanne walioketi wakisoma kila mmoja gazeti lake. Katika karata zetu za turufu huwezi kucheza bila ya kumsoma usoni mwenzako.

Mtungaji ametia mashambulio ili kuliponya hili, lakini hayako sawa. Mwizi wa chapa ya kwanza hufunua karata mbili za juu za kila mwenzio, akaitoa moja ya mali, nawe ukipenda waichukua. Aghalabu hukuta Shaba. Basi aliyeibiwa ametolewa takataka zake bure, na mwizi amebeba mzigo! Hata kwa mzaha sijapata kuona wizi wa namna hiyo. Chapa ya 2016 imemwondoa, pamoja na aina nyingine tano za zamani, na mahali pake amekuja jambazi asiyegusa Shaba. Askari wa mgambo, anayewalazimisha wenzio kubakia na karata tatu, ndiye ninayemwona kuwa wa kiasi: anauma, wala hauvunji mchezo.

Na yuko Mchawi. Kwa bei ya 5 hukupa karata mbili, na kila mwenzio hupewa Laana, ambayo ni pointi moja ya kutolewa na tena ni karatasi nyingine tupu ya kulisonga fungu lake. Kwa nguvu, katika sanduku lote hana wa kushindana naye isipokuwa lile Kanisa dogo, na akiwepo mezani kila mtu hana budi kumkimbilia au kununua Handaki. Kwa uchezaji naweza kumtetea. Mama yangu mzazi hakutaka kusikia utetezi wangu. Alikuwa amekubali kucheza usiku ule, mjukuu wake akamsukumia Laana ya kwanza juu ya meza huku akicheka, naye akaiangalia ile karata ya rangi ya zambarau, akaziweka zake chini. "Mimi silaaniwi na mtoto niliyemlea," alisema, akaenda zake kulala. Hapakucheka mtu.

Kanuni haimlazimishi mtu kumtumia Mchawi. Zile aina kumi huchagua wenyewe wachezao, na tumekuwa tukichagua katika 24 zilizobaki. Laana zote thelathini Mama amezifunga kwa uzi wa cherehani, amezitia kabatini mwake chini ya khanga, na kila Ijumaa baada ya chai yeye ndiye anayeuliza sanduku liko wapi.